Mizani ya Kigong'ota

Uko ufalme mmoja wa mafuko ambao wachora ramani wameusahau, na msimulizi anayejali heshima yake hana budi kuanza kwa kuapa kwamba ufalme huo si mji wa Kolwezi. Uko ng'ambo ya maji ya Nzilo, pale ambapo mto Lualaba ungali kijana na haujui kwamba siku moja utabeba jina la Kongo. Na ikiwa udongo wa huko ni mwekundu, na chini yake yamelala mawe ya kijani na mawe meusi, na raia wake huamka alfajiri kwenda kuyafukua kwa kucha, wakarejea jioni wakiwa na vumbi hadi kwenye kope, basi hayo ni sadfa tu, maana Mola alipoumba nchi hakumwahidi mtu kwamba hatarudia rangi.

Mababu wa mafuko hao walikuwa wayeyushaji mashuhuri. Kiangazi kikiingia na mavuno yamekwisha kuwekwa ghalani, walijenga tanuu kwa udongo wa kichuguu, wakavukuta usiku na mchana hadi jiwe la kijani likatoa machozi mekundu, na machozi hayo wakayamimina katika kalibu zenye umbo la msalaba. Msalaba huo ndio uliokuwa fedha yao. Kwa msalaba fuko aliposa, kwa msalaba alilipa faini ya ugomvi, na alipokufa alizikwa nao ili asifike kwa wazee mikono mitupu. Anayedhani natunga na awaulize waliofukua makaburi ya kale kando ya Ziwa Kisale, huko Lualaba unakoteremkia kaskazini, ambamo misalaba midogo ya shaba ililala na wafu karne nyingi kabla ya Mskoti Frederick Arnot kumfikia mfalme Msiri pale Bunkeya mwaka 1886 na Biblia yake. Au na aitazame bendera ya Katanga ya mwaka 1960, yenye misalaba mitatu isiyo na udugu wowote na ule wa Golgotha.

Basi siku moja akatua Yangeyange mweupe kutoka nchi za mbali, akasimama kwa mguu mmoja juu ya kichuguu, akawaambia mafuko kwamba yeyote atakaye kumfuata Bwana sharti ajikane nafsi yake, kisha auchukue msalaba wake kila siku. Mafuko wakatazamana kwa furaha isiyo kifani. Walikuwa wamezoea dini zenye miiko mizito, ya kutokula hiki na kutokanyaga pale, na kumbe hii ilikuwa ikiwaamuru wafanye kile kile walichokuwa wakikifanya tangu enzi za mababu: kuchukua misalaba, na tena kila siku! Nusu ya kwanza ya amri ile, iliyohusu kujikana, iliwapita masikioni, na wachache walioisikia walidhani ni desturi ya ndege. Ubatizo ukafanyika mtoni kwa vigelegele, na jioni ile ile kila fuko akaenda kuhesabu misalaba yake akiwa na moyo mweupe.

Alikuwapo Yangeyange mmoja wa kizazi cha baadaye aliyeling'amua kosa hilo. (Kwa sadfa tena, hata Kolwezi palipata kuwa na padre Mfransisko kutoka Ubelgiji, Placide Tempels, yule aliyetoa mwaka 1945 kitabu juu ya falsafa ya Wabantu, ambaye mwaka 1953, huko Ruwe, aliacha kuwahubiria wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière kutoka juu, akaketi nao akiwauliza wanataka nini hasa maishani, na kutokana na maongezi hayo, yaliyofanywa kwa Kiswahili, likazaliwa kundi la Jamaa lililonena uzima, uzazi na mapendo. Lakini huyo alikuwa mtu, nami nasimulia habari za ndege.) Yangeyange huyo alikunja shingo yake ndefu akaingia mashimoni usiku, akaketi gizani na mafuko, mume na mke, akawauliza wanaota nini na wanaogopa nini, na katika kuzungumza kwao akawadokeza kwamba anayekataa na anayekataliwa hulala kitanda kimoja na kujifunika shuka moja, na kwamba vita vyote vya mafuko, hata vile vya kugombea mawe, vilianzia hapo. Wachache walimwelewa. Wengi walimpenda kwa sababu alikuwa anakuja nyumbani. Kisha uzee ukamfikia, akaruka kurudi kwao, na mashimo yakabaki na harufu ya manyoya yake tu.

Wakati huo wote aliyetawala hasa ufalme hakuwa ndege, alikuwa Ndovu. Ndovu alikanyaga ardhi ikafunguka, akawapanga mafuko kwa safu, akawagawia unga wa mahindi kwa kipimo, dawa kwa kipimo, na shule kwa watoto wao, nao wakamwita baba na mama kwa pumzi moja. Chini ya Ndovu hakuna fuko aliyehitaji kujinyima chochote, kwa kuwa aliyeamua nani ale na nani asile ni Ndovu mwenyewe. Na mnyama anayenyimwa na mwingine hana haja ya kujifunza kujinyima. Halafu Ndovu akazeeka, na waliokabidhiwa kumlisha wakawa wanamla, hadi siku moja akapiga magoti. Majirani wa ufalme ule walishuhudia jambo linalofanana na hilo: paa la mgodi wa Kamoto liliporomoka Septemba 1990, na kampuni ya migodi ya Gécamines, iliyokuwa ikitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, haikufikisha hata 50,000 katikati ya muongo uliofuata. Lakini sisi tulikuwa kwa Ndovu.

Ndovu alipoanguka, njaa iliingia bila kubisha. Mafuko ambao hawakuwahi kuchimba ila kwa kuamriwa wakaanza kuchimba kila mahali: kwanza porini, kisha kandokando ya barabara, na hatimaye, kama ilivyotokea katika mtaa wa Kasulo mwaka 2014 mtu alipokutana na mawe meusi ya kobalti akichimba kwenye kiwanja chake, wakagundua kwamba mwamba mnono kuliko yote ulipita chini ya vyumba vyao vya kulala. Wakasogeza vitanda. Wakatundika maturubai ili jua lisione. Mtaa mzima ukawa umesimama juu ya hewa, na mtoto akidondosha kijiko sakafuni, aliyeko nyumba ya tatu alisikia kikianguka chini kwa chini. Katika hali hiyo ndipo alipotokea Kunguru.

Alikuwa ndege mwenye haiba, koti jeusi la kumeta na ukosi mweupe uliozunguka shingo bila doa, nao mafuko, ambao macho yao si makali, waliuona ukosi ule kabla ya kumwona aliyeuvaa. Alisimika mabati juu ya miti minne, akafunga vipaza sauti kwenye kila mti, akaanza kuhubiri jambo ambalo tangu enzi za Yangeyange halikuwahi kusikika kwa ufasaha wa namna ile: kujikana. Ndiyo, nusu ile iliyosahaulika! Wazee walilia kwa kuguswa. Kunguru akaeleza kwamba mafuko ni maskini kwa sababu hawajajua siri ya kujinyima, na siri yenyewe ni hii, kwamba atakayejinyima msalaba mmoja wa shaba na kuuweka chini ya bawa la Mtumishi, atafunguliwa misalaba kumi. Atakayejinyima kumi, mia. Na atakayejinyima mia, basi huyo na anunue gunia jipya maana la zamani halitatosha.

Sijui msomaji anaonaje, lakini kwangu mimi mnyama anayetoa kimoja ili alipwe kumi hajajinyima kitu. Amemkopesha Mungu kwa riba, na riba ambayo hata mkopeshaji wa sokoni angeona haya kuitamka. Ila katika ufalme ule ni nani angelisema? Tamaa, ambayo Yangeyange alikuwa amewaambia waitafute chumbani, ilikuwa sasa imevishwa joho, imepewa kiti cha mbele, na inaitwa imani.

Muda haukupita mrefu ukazuka ubishi wa nani amejinyima zaidi. Fuko aliyetoa misalaba mitano alimdharau aliyetoa minne. Mwenye minne alidai kwamba yeye alitoa akiwa na njaa, basi minne yake ni mizito. Ndugu wakanuniana, na ibada zikawa zinaisha kwa makofi, yale ya mashavuni. Kunguru, aliyekuwa hakimu mwema, akamwita Kigong'ota kutoka kwenye madepo ya wanunuzi wa mawe, ambako alikuwa akigonga jiwe kwa mdomo mara tatu na kutangaza lina asilimia ngapi za shaba, na ambako kila muuzaji alijua, ingawa hakuna aliyethubutu kusema, kwamba asilimia za Kigong'ota hupungua muuzaji anapokuwa mwembamba. Tangu siku hiyo Kigong'ota akaketi mlangoni mwa mabati, na kila aingiaye akafunua kifua kigongwe.

"Ko, ko, ko," alisema Kigong'ota, akitega sikio. "Kujinyima asilimia 6. Toa unyevu, zinabaki 4."

"Unyevu gani, mzee wangu?" aliuliza fuko mmoja mjane, mgeni wa taratibu hizo.

"Machozi, mama. Machozi yana uzito lakini hayana madini. Yanakatwa."

Na alikatwa. Akaandikiwa cheti, na cheti hicho akakibandika juu ya mlango wa shimo lake, na jirani aliyekuwa na asilimia 5 akaacha kumwamkia. Hapo ndipo lilipoingia jambo jingine ambalo nasita kulieleza kwa kuwa litaonekana la kutia chumvi. Ulipotangazwa mfungo mkuu, Bwana Nguruwe, tajiri wa mawe meusi ambaye kitambi chake kilitangulia kufika kila aendako, alitaka naye cheti kikubwa, ila tumbo lake halikuwa na mazoea. Akaajiri mafuko kumi wembamba wafunge kwa niaba yake. Mafuko hao walikuwa wameshafunga siku nyingi kwa kukosa, lakini kufunga kwao hakukuwa kumeandikwa popote. Sasa kukaandikwa, kwa jina la Nguruwe. Siku ya kupimwa waliletwa kumi wote wamesimama nyuma yake, mbavu nje, naye Kigong'ota akagonga mbavu zao moja baada ya nyingine, akajumlisha, akatangaza kwamba Bwana Nguruwe amejinyima kwa asilimia 41, kiwango ambacho hakijawahi kuonekana katika ardhi ile. Mabati yalitetemeka kwa shangwe. Nguruwe alitoa ushuhuda, akalia kidogo, na machozi yake hayakukatwa.

Lakini misalaba kumi iliyoahidiwa haikuja, wala mia haikuja; na mawe, kinyume chake, yakazidi kuwa maskini kila kina kilipoongezeka. Minong'ono ikaanza. Kunguru akaisikia kabla haijawa maneno, kwa maana hiyo ndiyo kazi ya kunguru, akapanda kichuguuni akasema kwamba mafuko wamejinyima vya kutosha na kosa si lao, ila yuko adui anayekula baraka usiku. "Wahenga walinena," alisema, "kikulacho ki nguoni mwako. Basi tazameni nguoni, tazameni nyumbani: ni nani humo asiyelala usiku?"

Methali hiyo tangu kutungwa haikuwahi kuchomwa kisu namna ile. Mafuko walikuwa ukingoni kabisa mwa kuielewa. Walikwisha kushika pindo la nguo zao wenyewe. Na sauti ile ikawageuza shingo, wakatazama nguo za mwenzao. Na katika ufalme mzima hapakuwa na asiyelala usiku ila mtoto mmoja wa Komba, yatima, aliyeokotwa mtaani baada ya mama yake kufukiwa shimoni, mwenye macho makubwa mawili ambayo Muumba alimpa kwa ajili ya giza. Wakasema ndiye. Wakasema amekula asilimia. Fuko aliyemlea, akiogopa cheti chake, akamtoa nje na bakuli lake. Nchi jirani, ile iitwayo Kongo, iliandika sheria tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto, na humo ikatamka kwamba kumsingizia mtoto uchawi ni kosa la jinai. Ila sheria za watu, kama tujuavyo, hazivuki mpaka wa hekaya, na wakati mwingine hazivuki hata barabara.

Sasa nije kwa Kucha-Fupi, ambaye kwa haki hastahili hekaya, kwani hakuna alichokifanya kilichoonekana.

Alikuwa fuko wa makamo, mchapakazi, asiye maarufu kwa wema wala kwa ubaya. Chini ya kitanda chake mwamba ulikuwa umekwenda vizuri msimu mzima, kisha ukapinda kushoto na kuingia chini ya nyumba ya jirani yake, Mama Ndezi, mjane aliyekuwa akiishi kwa kuuza mihogo na hakuwa akichimba. Kucha-Fupi alifika kwenye mpaka usiku mmoja, akaujua kwa harufu ya udongo, akasimama. Na hapo hapo ikasema naye sauti, si ya mnyama mwingine, ni yake mwenyewe, ile ile anayotumia kuombea chakula. Ikamwambia kwamba Mama Ndezi hana kucha za kuchimba, basi jiwe hilo kwake ni mzigo. Kwamba mwamba umeletwa na Mungu mpaka kitandani kwake, na kuukataa ni utovu wa shukrani. Kwamba atatoa fungu la kumi, na tena atamnunulia mjane kanga Krismasi. Ilikuwa sauti yenye mantiki. Alisogeza kucha moja tu, kujaribu, na jiwe likaachia lenyewe.

Alijaribu kupambana, nisimwonee. Ulipofika mfungo mkuu alifunga kuliko wote, hata maji hakuonja mchana, na hapo akagundua jambo lililomtisha: tumbo lilinyamaza, lakini kucha ziliwasha maradufu, kwa sababu mfungo ulimpa fahari, na fahari ikampa ruhusa, naye akawa anateremka shimoni usiku akiwa na dhamiri safi ya mtu aliyefunga. Aliamua kusali kwa sauti ili asiisikie ile sauti nyingine. Akasali kwa nguvu, kwa mahadhi, akipigapiga chini kila mwisho wa dua. Na alipofungua macho alijikuta ameingia hatua mbili zaidi chini ya jiko la mjane, maana alikuwa akisali na kuchimba kwa mapigo yale yale.

Asubuhi moja Mama Ndezi akaja kupiga hodi. "Yaya," alisema, kwa kuwa alimhesabu kaka, "ukuta wangu umepata ufa. Mimi peke yangu siwezi. Ungenisaidia kuuziba."

Kucha-Fupi akaenda na ndoo ya udongo, akauziba kwa ustadi, akapewa kikombe cha chai na muhogo. Wiki iliyofuata ufa ukarudi, naye akarudi na ndoo. Wahenga wetu walituambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawakumfikiria mtu anayeziba mchana kwa juu na kuchimba usiku kwa chini, na kunywa chai katikati. Msimu ule wote alikuwa akipokea shukrani za Mama Ndezi, na kila shukrani ilimkaa tumboni pamoja na muhogo.

Usiku wa mambo kugeuka, alikuwa amefika mahali ambapo mwamba ulipanuka ukawa ukuta mzima wa jiwe jeusi, na mbele yake gizani akaona macho mawili makubwa. Alikuwa mtoto wa Komba. Alipofukuzwa na mtaa mzima alijibanza kwenye uwazi ule chini ya nyumba ya mjane, palipokuwa na joto kidogo la jiko, bila kujua nani amepachimba.

"Baba," alisema mtoto, "huku si kwako."

Kitu cha kwanza kilichomjia Kucha-Fupi, na hapa ndipo penye kisa chote, kilikuwa furaha. Adui aliyetangazwa kichuguuni alikuwa mbele yake! Alikuwa na macho yale yale, mahali pale pale, chini ya nyumba yenye ufa. Angepiga ukelele tu, mtaa ungekuja na mienge, mtoto angevutwa nje, shimo lote lingeandikwa kuwa kazi yake, na yeye Kucha-Fupi, mfichuzi wa uchawi, angegongwa kifua akapata asilimia ambazo hata Nguruwe hakuziota. Hakuna ambaye angeshuku. Ile sauti haikuhitaji hata kumshawishi. Ilikaa kimya, ikimngoja, kwa sababu ilijua kwamba mara hii hoja inajitosheleza. Kinywa alikwisha kukifungua. Pumzi alikwisha kuivuta.

Alikaa hivyo kwa muda ambao wasimuliaji hawakubaliani urefu wake. Kisha pumzi ile akaitoa pole pole bila sauti, akakaa chini mavumbini mbele ya mtoto, na mtoto, ambaye alizoea watu wakimwona wakimbie au wapige kelele, akamsogezea kipande cha gunia ili asikalie jiwe.

Kulipokucha alianza kufukia. Na pengo lile halikuweza kufukiwa kwa udongo, maana udongo hauwezi kubeba nyumba. Lilitaka mawe, na mawe aliyokuwa nayo ni yale yale aliyoyatoa humo, magunia yaliyopangwa chini ya kitanda yakimngoja mnunuzi. Alirudisha gunia baada ya gunia, akiyapanga moja moja chini ya jiko la mjane. Kila gunia sauti ilimwomba nusu. Kwenye magunia ya mwanzo ilimwomba kwa hoja, kwenye yaliyofuata kwa vilio, na gunia la mwisho, nalisema hili kwa kuwa msimulizi haruhusiwi kumpamba mtu, alilala nalo siku kadhaa akiwa amelikumbatia kabla ya kulipeleka.

Kisha akaenda kwa Mama Ndezi akamweleza. Mama Ndezi aliendelea kumenya mihogo mpaka aliyokuwa nayo mkononi ikaisha.

"Yaya," alisema, "nilikuwa nakusikia. Kila usiku."

"Mbona hukusema, mama?"

"Ningemwambia nani? Mtaa wote unachimba." Akafuta kisu. "Na yule mtoto yuko wapi? Amekula?"

Ingekuwa hekaya ya Kunguru, hapa Kucha-Fupi angelifunguliwa magunia kumi. Kilichompata ni kwamba siku ya kupimwa ilipofika alisimama mlangoni mikono mitupu, bila msalaba hata mmoja wa kuweka chini ya bawa, naye Kigong'ota akagonga mara tatu, akagonga tena, akatikisa kichwa, akaandika sifuri. Kunguru alimtumia katika mahubiri majuma mawili kama kielelezo cha mnyama mwenye dhambi iliyojificha. Mama Ndezi alipotangaza kwamba mtoto wa Komba sasa analala kwake, wote watatu waliambiwa wasikanyage tena chini ya mabati, na mihogo yake ikakosa wanunuzi isipokuwa wale waliokuja baada ya magharibi. Wala Kucha-Fupi hakupata usingizi wa watakatifu. Mwamba uko pale pale, hatua chache kutoka kitandani pake, na kila usiku kucha zinawasha, na kila usiku sauti inakuja na hoja mpya. Kuna usiku anaicheka, na kuna usiku anashuka mpaka kwenye mawe aliyoyapanga, anayagusa, anakaa hapo hadi jogoo awike. Yangeyange alisema kila siku, nao mafuko walidhani anazungumzia mapato.

Mvua za Januari zilipokuja mwaka ule, maji yaliingia mashimoni na mtaa ukaanza kuzama. Nyumba ziliinama upande mmoja, kisha zikakaa chini. Nyumba ya Kucha-Fupi ilizama nayo, kwa kuwa chini ya kitanda chake mwenyewe hakuwa amefukia kitu. Siku hizi analala barazani kwa mjane, ambako ufa upo lakini haujapanuka. Kunguru alipita kuutazama uharibifu, akatangaza kwamba nyumba ile moja imesimama kwa nguvu ya maombi yake, akaomba mchango wa mabati mapya. Michango ilipatikana. Kitabu cha Kigong'ota hakijasahihishwa: Nguruwe ana asilimia 41, Kucha-Fupi ana sifuri, na kwa kuwa foleni imekuwa ndefu, mizani ya pili imeagizwa.